Naombeni ushauri: Nigeria wako wangapi hasa? Kila nikifungua napata namba nyingine na bosi anataka andiko Jumatatu

Binti_Temeke
Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie bila kejeli maana kichwa kinawaka moto. Niko kitengo cha masoko kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, tunatengeneza mafuta ya watoto, yale ya mgando ya kwenye kopo na ya maji ya kwenye chupa. Sasa bosi alienda maonyesho ya biashara akakutana na Mnigeria mmoja akamjaza upepo, karudi anasema tunaingia Nigeria, "soko la watu milioni 230 hilo", na mimi ndo nimeangushiwa kazi ya kuandika ukubwa wa soko, watoto wangapi, wako majimbo gani, tuanzie wapi.

Nimetafuta sensa. Ya mwisho ni ya 2006, watu 140,431,790. Yaani 2006 jamani, mwanangu wa kwanza hakuwa hata amezaliwa! Umoja wa Mataifa wao wanasema 2024 ni kama milioni 233, makadirio ya Wanigeria wenyewe ya 2022 ni kama milioni 217, halafu nimekuta Wanigeria wanabishana mtandaoni kuna wanaoapa kabisa kwamba hawazidi milioni 170. Hiyo tofauti ya 170 na 233 si ni Tanzania nzima ya sensa ya 2022? Kingine, sensa yao inasema Kano 9,401,288 na Lagos 9,113,605. Nikimpelekea bosi karatasi kwamba Kano inaizidi Lagos atanicheka mbele za watu.

Nitumie namba ipi? Natanguliza shukrani.

Kijiwe_Cha_Juu
Siti ya mbele nimekaa na kahawa yangu, ngoja waje wajuzi. Ila dada, huyo Mnigeria hela itangulie, mafuta yafuate.

Binti_Temeke
@Kijiwe_Cha_Juu nimesema bila kejeli 😂

Karani_Mstaafu
Dada tulia, hilo swali limewashinda wao wenyewe tangu sisi tumetoka tu kupata uhuru. Namba hazilingani kwa sababu kule idadi ya watu ni hela na ni viti. Mapato ya shirikisho yakifika kwenye kugawiwa majimbo 36, fomula inatoa 40% kwa usawa wa majimbo na 30% kwa idadi ya watu, mengine yanafuata. Viti 360 vya baraza la wawakilishi navyo vinaenda kwa watu. Sasa niambie gavana gani atakubali kuhesabiwa wachache?

Ndo maana 1962 walihesabu, ikaonekana Kusini imeongezeka sana kuipita Kaskazini, Kaskazini wakarudi "kuhakiki" wakaibuka na watu zaidi ya milioni 8 waliokuwa hawajaonekana mara ya kwanza, zogo likawa kubwa sensa ikafutwa. 1963 wakarudia, milioni 55.7, Kaskazini bado zaidi ya nusu. 1973 wakahesabu tena wakapata karibu milioni 80, nayo mtawala wao wa kijeshi Murtala Mohammed akaitupa 1975. 1991 ndo ikatoka milioni 88.9 wakati watu walikuwa wanatarajia nchi imeshavuka 100 kitambo. Halafu hiyo 2006 yako. 2013 mwenyekiti wa tume yao ya idadi ya watu, Festus Odimegwu, akasema hadharani Nigeria haijawahi kuwa na sensa ya kuaminika tangu 1816. Viongozi wa Kano wakawaka, na mwaka huohuo akaachia kiti.

Nyingine ilikuwa ifanyike 2023, ikapangwa Machi ikasogezwa Mei, vishikwambi vimeshanunuliwa, Rais Buhari akaiahirisha akamwachia anayekuja.

Kijiwe_Cha_Juu
Vishikwambi si wawape walimu kama sisi

Mtu_wa_Meru254
Karani msiwacheke Wanigeria peke yao, hapa Kenya sensa ya 2009 matokeo ya wilaya nane yalifutwa, za Kaskazini Mashariki na Turkana, serikali ikasema watu wameongezeka kuliko vile mama anaweza kuzaa. Pesa ya kaunti na viti ndio mambo. Na sisi tunaulizwa kabila, Nigeria hawathubutu.

Karani_Mstaafu
@Mtu_wa_Meru254 kweli, 1991 na 2006 dini na kabila viliondolewa kabisa kwenye dodoso lao. Kama sisi tu, Tanzania mara ya mwisho kuuliza ni 1967. Kwa hiyo dada ukikuta mtu ameandika Waislamu asilimia kadhaa Wakristo asilimia kadhaa mpaka pointi, jua hiyo imetoka kwenye tafiti za sampuli, haitoki kwenye sensa. Usije ukaandika "kwa mujibu wa sensa".

Msafiri_wa_Ikeja
Nimekaa Lagos miaka, nikuhakikishie kitu kimoja, anayekwambia Lagos ni milioni 9 hajawahi kupanda danfo, daladala zao, saa kumi na mbili asubuhi. Serikali ya jimbo la Lagos iliikataa hesabu ya 2006, wenyewe walikuwa wamefanya ya kwao wakapata milioni 17.5. Sasa nayo hiyo usiimeze nzima nzima maana na wao wanataka mgao, ila mji unauona kwa macho. Halafu kuna jambo watu wa nje hawalijui, Lagos ni jimbo dogo kuliko yote kwa eneo, kilomita za mraba 3,577 tu, watu wamejaa wamemwagikia jimbo jirani la Ogun. Ukishika ile barabara ya Ibadan unapita Ibafo, Mowe, huko watu wanalala tu, alfajiri wote wanarudi Lagos kutafuta riziki. Kwenye makaratasi ni watu wa Ogun, dukani ni wateja wa Lagos.

Kano nayo usiidharau. Nimeenda mara kadhaa, ni mji mkubwa wa biashara kweli, watu wa Niger na Chad wanakuja kubeba mzigo pale. Watu wa kusini kelele yao ni kwamba Kano ilimegwa ikatoka Jigawa 1991 na bado ikabaki inaongoza, na ina halmashauri 44 wakati Lagos zinazotambulika na shirikisho ni 20. Ubishi huo ukiuanzisha kwenye baa ya Ikeja hamtalala.

Takwimu_Tamu
Naona mnampa dada historia na Jumatatu inakuja. Binti, achana na namba ya taifa zima. Wewe unauza mafuta ya watoto, unachotaka ni vizazi. Chukua kama vizazi 33 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, ndo wanapozunguka hapo. Wakiwa milioni 233 unapata karibu milioni 7.7, wakiwa 200 unapata 6.6, wakiwa hiyo 170 ya wabishi unapata 5.6. Umeona? Hata ukimwamini mbishi kuliko wote, watoto zaidi ya milioni 5 na nusu wanazaliwa kila mwaka, kiwanda chenu mtajaza asilimia ngapi ya hao? Andika kiwango cha chini na cha juu, weka vyote, bosi mwenye akili ataelewa.

Namba za kuziangalia kwa makini ziko kwenye ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto unaofanyika kila baada ya miaka kadhaa, kama wa kwetu. Wa 2018 ulitoa wastani wa watoto 5.3 kwa mwanamke, wa 2023-24 umeshuka mpaka 4.8. Na wa 2018 ukiufungua kwa majimbo, Katsina ni 7.3, Lagos 3.4. Yaani ni kama nchi mbili.

Binti_Temeke
@Takwimu_Tamu Mungu akubariki. Kwa hiyo tuanzie Katsina na Kano huko kaskazini si ndo kwenye watoto?

Takwimu_Tamu
Subiri kwanza. Watoto wapo, hela je? Takwimu zao za 2019 za umaskini, taifa ni 40.1% chini ya mstari, Sokoto 87.7%, Lagos 4.5%. Mama wa watoto saba pale Sokoto kopo lako la gramu 200 analiona kama anasa. Na usisahau naira, walipoiachia ielee Juni 2023 ilikuwa kama 460 kwa dola, 2024 ikavuka 1,500. Bei mnayopanga kwa shilingi leo, huko inaruka yenyewe.

Msafiri_wa_Ikeja
Hapo napinga kidogo mkuu. Maskini Nigeria ananunua, ila ananunua kidogo kidogo. Kule kila kitu kiko kwenye kipakiti, maziwa ya unga ya kikombe kimoja, maji ya kunywa kwenye nailoni, hata sabuni. Ukija na kopo kubwa peke yake unawauzia matajiri wa Lagos wa Lekki na Victoria Island tu, ukija na kipakiti cha kupaka siku mbili tatu unafika mpaka Funtua huko Katsina. Na kaskazini kuna kitu kinaitwa harmatani, upepo mkavu wenye vumbi la jangwani, unaanza mwishoni mwa Novemba mpaka kama Machi, midomo inapasuka, ngozi ya mtoto inakuwa nyeupe kama amepakwa chokaa. Miezi hiyo hakuna nyumba isiyotafuta mafuta.

Ila mshindani wako kule ni siagi ya shea, wala siyo kampuni kubwa. Wahausa wanaita man kadanya, Wayoruba ori, inauzwa sokoni kwa bonge, bibi akija kumwogesha mtoto mchanga ndo anayoikanda nayo. Bei ya kutupa. Sasa mafuta yenu yana nini cha kuishinda? Harufu? Kopo zuri? Hilo bosi alijibu kabla ya kuuliza Wanigeria wako wangapi.

Kijiwe_Cha_Juu
Nimeanza kucheka nimeishia kusoma. Ila wakuu 230 kwa 170, hakuna namna ya kuhakiki kwa njia nyingine? Vitambulisho, laini za simu?

Karani_Mstaafu
Watu wanajaribu. Vitambulisho vya taifa wameshaandikisha zaidi ya milioni 100 ila bado hawajamaliza. Daftari la wapiga kura 2023 lilikuwa na karibu milioni 93.5, Lagos zaidi ya milioni 7, Kano chini kidogo ya milioni 6, kwa hiyo hapo Lagos iko mbele. Ila daftari lenyewe lina marehemu na waliohama, siku ya kura walitokea kama 27% tu. Nusu ya nchi ni watoto na vijana wasiofika au waliofika juzijuzi miaka 18, hao kwenye daftari huwaoni.

Kitu kilichosaidia sana ni chanjo ya polio. Waliokuwa wanazunguka kaskazini kuchanja walitumia picha za setilaiti kutafuta makazi, wakakuta vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Kuanzia hapo wataalamu wanakadiria watu kwa kuhesabu mapaa ya nyumba kisha wanapima sampuli chini. Sio sensa, lakini paa halina chama.

Takwimu_Tamu
Niongeze moja kwa ajili ya andiko. Bosi akitaka kuandika "Nigeria itakuwa na watu milioni 400 mwaka 2050" mzuie. Hiyo ni ya makadirio ya zamani. Umoja wa Mataifa 2017 walisema 2050 watakuwa kama 410, 2022 wakashusha 377, 2024 wakashusha tena karibu 359. Za 2100 ndo zimeporomoka zaidi, kutoka 794 mpaka kama 477. Wanazaa kuliko wengi lakini spidi inapungua haraka kuliko walivyotarajia, na wauza bidhaa za watoto wengi bado wanatembea na slaidi za 2017.

Mtu_wa_Meru254
Hiyo ya slaidi za 2017 imenigusa, ofisini kwetu iko ukutani

Binti_Temeke
Wakuu nimekaa na karatasi. Naandika hivi, vizazi kati ya milioni 5.6 na 7.7 kwa mwaka, nafafanua kwa nini sina namba moja. Mikoa miwili, Lagos pamoja na upande wa Ogun unaopakana nayo, kopo na chupa. Kano ya pili, kipakiti, tuingie Oktoba kabla ya hiyo harmatani. Katsina na Sokoto tusiguse kwa sasa. Kuna kitu nimeruka?

Msafiri_wa_Ikeja
Umeruka NAFDAC, mamlaka yao ya chakula na dawa. Kipodozi chochote cha kutoka nje lazima kisajiliwe kwao, sampuli zipimwe, lebo iwe ya Kiingereza na namba yao iandikwe pale. Bila hiyo mzigo unakaa Apapa, bandari ya Lagos, unalipia gharama za bandari mpaka uone machozi. Kwa hiyo hiyo Oktoba yako labda ya mwakani. Na Lagos usitafute duka la kifahari kwanza, nenda soko la Balogun, tafuta Muigbo mwenye ghala anayeuza kwa jumla, huyo ana ndugu Onitsha, ana ndugu Aba, ana binamu Sabon Gari pale Kano. Mzigo wako utatembea nchi nzima wakati wewe umelala Temeke.

Kijiwe_Cha_Juu
Na hela itangulie

Msafiri_wa_Ikeja
@Kijiwe_Cha_Juu hapo umesema kweli, ila hata yeye atasema mafuta yatangulie. Mtumie katoni chache kwa ndege kwanza muone zinavyotoka.

Binti_Temeke
Sawa kaka, kipakiti hatuna mashine yake kiwandani, kesho namuuliza fundi bei. Kama kuna mwenye namba ya kodi ya forodha ya vipodozi kuingia Nigeria anitupie hapa.