Lango la API linarudisha 404 kwa huduma moja tu: kosa liko wapi?

Muulizaji
Habari zenu, wanajukwaa. Mfumo wetu wa kukatia tiketi za mabasi tumeugawa katika huduma ndogo nne: ratiba, viti, malipo na arifa. Awali programu ya simu ilijua anwani ya kila huduma, hivyo tulipohamishia mojawapo kwenye seva nyingine ilitubidi kuwaomba abiria wote wasasishe programu. Sasa tumeweka Nginx (programu ya seva) mbele kama lango la API, yaani mlango mmoja unaopokea maombi yote ya programu, ili simu ijue anwani moja tu, nalo lango litazame mwanzo wa njia, /ratiba/ au /malipo/, na kulipeleka ombi panapohusika. Ratiba inajibu vizuri. Malipo inarudisha 404 (njia haikupatikana), ingawa nikiiita moja kwa moja inajibu. Naomba pia kujua kama tokeni ya mtumiaji (kitambulisho cha kidijitali kinachoambatana na ombi) ikaguliwe langoni au katika kila huduma.

Jibu la 1
Tazama mwisho wa anwani uliyoandika kwenye proxy_pass, mstari unaoiambia Nginx ipeleke ombi wapi. Ukiandika http://malipo:8080 bila mkwaju (alama ya /) mwishoni, Nginx hupitisha njia nzima kama ilivyokuja, na huduma huombwa /malipo/lipa; ukiweka mkwaju, sehemu iliyolingana na location (mwanzo wa njia uliouandika kwenye mipangilio, yaani /malipo/) huondolewa, na huduma hupokea /lipa. Nadhani walioandika ratiba walianza njia zao na /ratiba, ilhali wa malipo hawakufanya hivyo. Chagueni utaratibu mmoja kwa huduma zote, maana mchanganyiko huu utawasumbua tena kila mtakapoongeza huduma.

Jibu la 2
Kuhusu tokeni, lango likague sahihi yake ya kidijitali na muda wake wa kuisha, lakini swali la kama tiketi hii ni ya abiria huyu liachiwe huduma yenyewe, kwa kuwa lango halina taarifa hizo wala halipaswi kuwa nazo. Ikiwa lango linapitisha namba ya mtumiaji katika kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi lenyewe), hakikisheni linafuta kichwa chochote cha jina hilo kilichotoka nje. Vinginevyo mtu atajiandikia namba ya mwenzake. Poti za huduma za ndani zisifikike kutoka intaneti.

Jibu la 3
Ningeongeza jambo ambalo hukuliuliza. Nginx kwa kawaida husubiri jibu la huduma kwa sekunde 60, kisha hurudisha 504 (muda wa kusubiri umeisha). Iwapo huduma yenu ya malipo inamngoja abiria aweke namba ya siri kwenye simu, muda huo unaweza kupita huku pesa zikiendelea kukatwa. Abiria akiona kosa atabonyeza tena, na atatozwa mara mbili. Kurefusha muda wa kusubiri hakuponyi tatizo. Huduma ipokee ombi, ijibu 202 (ombi limepokelewa, bado linashughulikiwa) papo hapo pamoja na namba ya muamala, kisha programu iulize hali yake baadaye, na kila jaribio la kulipa libebe ufunguo wake wa kipekee ili likirudiwa litambuliwe.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Kosa lilikuwa mkwaju, na malipo sasa inajibu kupitia langoni. Poti nimezifunga jioni hii. Kuhusu huo ufunguo: utengenezwe na programu ya simu, au na lango?

Jibu la 3
Na programu, kabla ya abiria kubonyeza. Lango likiutengeneza, kila ombi litapata ufunguo mpya, na marudio hayatatambulika.