AMENUSA SABUNI YANGU!!

Mtoto_wa_Katuba
Bandugu, nimetoka mkutanoni hapa Lubumbashi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Ni yule yule mheshimiwa mnayemjua, wa suti ya bluu, ambaye "viwanda vya ndani" havimtoki mdomoni hata msibani. Leo kapita kwenye meza zetu sisi wenye viwanda vidogo. Kufika kwangu, kashika kipande cha sabuni kwa vidole viwili kama nepi ya mtoto wa jirani, AKANUSA, kisha akamgeukia msaidizi wake: "Hii watu wanaogea kweli?" Ukumbi mzima ukacheka. Hata mlinzi.

Halafu kapanda jukwaani kutuhubiria Korea Kusini. Korea! Mbona hakusema kwamba miaka ya 60 kule mwenye kiwanda cha kuuza nje aliingiza malighafi bila ushuru na kukopeshwa kwa riba nafuu, ila asipofikisha lengo la mauzo anabanwa? Mimi soda kali yangu ya kupikia sabuni ikifika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huyu anataka karatasi, yule anataka karatasi ya ile karatasi, na wote wanataka hela. Sabuni ya nje inapita njia za panya, inafika sokoni bei chini ya yangu. Umeme ukikatika mashine inasimama, sabuni inaanza kushika chunguni, mimi na mdogo wangu tunarukia mwiko, tunakoroga hadi mabega yalie, tuwahi kuimimina kwenye mbao kabla haijagoma.

Halafu mtu ANANUSA. Na maji aliyokunywa pale juu yametoka Zambia, kibandiko nilikisoma!

Shofa_wa_Mpakani
Pole kaka. Wewe umenuswa, sisi tulilazwa mpakani. Agosti 2024 si serikali yetu ya Kongo ilikataza bia na soda za Zambia ili kulinda viwanda vyetu? Madereva wakaandamana, Zambia nayo ikafunga mpaka. Shaba ya mabilioni ikasimama foleni kwa ajili ya fanta.

Mla_Bukari
Tuulize la maana kwanza: inanuka au hainuki?

Mtoto_wa_Katuba
Inanuka mawese! Imetengenezwa kwa mawese! Ulitaka inuke waridi? Mbele ya watu bana, puani kabisa.

Mzee_wa_Shaba
Watoto, mnalilia povu. Miaka ya 80 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. 1994 zikabaki kama 30,000. Madini hayakuisha ardhini. Pesa ililiwa, mashine zikaachwa zife. Huyo wenu wa suti wakati ule alikuwa anavaa kaptula.

Negosya_Ruashi
Mzee, shaba ni ya zamani. Ongea kobalti, madini ya betri. Februari 2025 serikali ikafunga kuuza nje kabisa, Oktoba ikaleta kwota, yaani kikomo cha tani za kuuza nje, na 2026 nchi nzima ni tani 96,600 basi. Vijana wangu wa kupakia wako nyumbani wanacheza karata.

Mzee_wa_Shaba
Bei ilianguka kwa sababu sisi wenyewe tuliimwaga sokoni. Walipofunga ikapanda. Ungetaka uendelee kuigawa bure?

Negosya_Ruashi
Imepanda kwa nani? Kwangu hapa hakuna kilichopanda isipokuwa presha.

Mama_Unga
Mnakula kobalti ninyi? Zambia ikifunga mahindi yake, unga hapa unapanda kabla jua halijazama. Nchi yenye ardhi hii, tunangoja lori la jirani ndipo tusonge bukari, ugali wetu. Kwota ya unga ndiyo mngeleta, muone watu watakavyoamka.

Shofa_wa_Mpakani
Mama, mfuko wa kilo 25 leo unauzaje?

Mtoto_wa_Katuba
Jamani, uzi ni wangu. ALINUSA!

Mla_Bukari
Tumesikia, kaka. Kaoge.

Mama_Unga
Shofa, bei haiandikwi hapa, kuna wachuuzi wanachungulia. Pita soko la Kenya, hapa hapa mjini, kabla ya saa nne, uje na mfuko wako.

Mla_Bukari
Mama, mimi niwekee miwili. Nalipa Jumamosi.

Mama_Unga
Ya Jumamosi iliyopita umelipa?