Msonobari mweusi: nususpishi ziamuliwe kwa vinasaba au kwa macho?

Kitalu: Wakuu, tulichambue hili. Msonobari mweusi (Pinus nigra) umetawanyika vipande vipande kuanzia Hispania na Moroko hadi Uturuki na Krimea. Vitabu vinaugawa katika nususpishi (makundi ndani ya spishi moja) kwa urefu na unene wa sindano, rangi ya matawi machanga, ukubwa wa koni. Kusini mwa Ufaransa, kule Saint-Guilhem-le-Désert, kuna nususpishi ya msonobari wa Salzmann, na jamaa zake wa Corsica na Austria wamepandwa sana nchini humo. Chavua zinachanganyika. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 1992 yanalinda misitu ya asili ya misonobari hii. Sasa mbegu zikiletwa kitaluni, nani athibitishe ni za nususpishi ipi? Mimi nasema alama za vinasaba, yaani vipande vya DNA vinavyotofautisha ukoo mmoja na mwingine.

Mpandamlima: Mti unatambulika kwa kuutazama. Watu wa maabara hawajawahi kukanyaga msitu, halafu waje kutuamulia jina la mti tuliokulia chini yake!

Chavua: Hilo la "hawajawahi kukanyaga msitu" lifute, mkuu. Sampuli hazijileti zenyewe. Kuna watu wanapanda majabali na mifuko mgongoni kuchuma sindano mti kwa mti.

Mpandamlima: Sifuti. Mnachuma, mnaondoka. Tena kloroplasti mnayoitegemea, ile sehemu ya kijani ya seli yenye DNA yake, hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo upande wa baba hamuuoni kabisa.

Chavua: Hiyo ni kwa mimea mingi ya maua! Kwenye misonobari kloroplasti hupita kwa chavua, yaani kwa baba. Mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati nayo ikiwa na DNA yake, ndiyo hupita kwa mama, kupitia mbegu. Mbegu haziendi mbali kama chavua, ndiyo maana alama za mitokondria hung'ang'ania eneo lake. Zisome zote mbili, na pale nasaba zinapotofautiana, chotara atajulikana.

Bi Mizizi: Jamani, ngojeni kidogo. Jenomu (DNA yote) ya Pinus taeda, msonobari wa Marekani, iliyochapishwa 2014 ina herufi za DNA kama bilioni 22, takriban mara saba ya binadamu. Alama chache tunazopima mara nyingi huchaguliwa kwa kuwa hazina kazi mwilini mwa mti. Zinasimulia ukoo, haziambii kama mti utahimili ukame. Na pale makundi yanapoachana polepole bonde hadi bonde, mpaka anauchora mtu. Nani huyo?

Mpandamlima: Chavua ameshasema mwenyewe: chotara "atajulikana". Akishajulikana mtamfanya nini? Mtamkata? Jibuni kiume.

Kitalu: Mzee, sijataja shoka popote. Niliuliza kuhusu mbegu.

Chavua: Mimi nalitaja. Palipo na masalia ya Salzmann, miti ya Austria iliyopandwa jirani iondolewe. Kila msimu wa chavua unaoachwa, msitu wa asili unazidi kupotea.

Mpandamlima: Miti hiyo ya Austria ilipandwa tangu karne ya 19 kuzuia mmomonyoko milimani! Ilishika udongo wakati milima ilikuwa imebaki mifupa. Leo mnaiita mvamizi kwa sababu ya mistari kwenye skrini?

Sindano: Hamjaonja hasara ya kupanda aina isiyofaa. Uingereza walipenda msonobari wa Corsica kwa unyoofu wake, ukapandwa kwa wingi. Kuvu wa Dothistroma alipokuja, akaukausha sindano vibaya sana. Nususpishi si pambo la vitabuni.

Mpandamlima: Na je, waliopanda hawakujua kwamba ni wa Corsica? Walijua vizuri! Vinasaba vingewaokoa na nini?

Chavua: Unaruka ruka, mkuu. Tulikuwa kwenye chavua, ukaenda kwenye shoka, sasa uko kwenye kuvu.

Bi Mizizi: Na swali langu mmeliruka wote. Msipokubaliana mpaka unachorwa wapi, na nani anauchora, huyo mwenye shoka atakata kwa orodha ya nani?

Mpandamlima: Kwa orodha ya maabara, dada. Ndicho ninachokipinga tangu mwanzo.