Kaunsela wa jeshi kampa mume wangu kufuli ya bastola, ni mtego?

MamaZai_TX: Wadau habari, naombeni ushauri hasa mlio jeshini huku Marekani. Mume wangu yuko Army, tunaishi nje ya kambi hapa Killeen, Texas. Tangu arudi mafunzo usingizi hana, nikambembeleza wee mpaka akaenda kliniki, kule kaunsela kamuuliza kama ana silaha nyumbani, wakaongea kama robo saa hivi kisha kampa kufuli ya waya bure. Karudi kanuna, eti wanataka kumnyang'anya bastola na kumharibia faili, kufuli kaitupia droo ileile yenye bastola na risasi zimo ndani. Na nina mtoto wa miaka minne. Ni mtego kweli?

Mzee_wa_Gwanda: Dada wala sio mtego, nilipitia hayo nikiwa National Guard, lile jeshi la akiba la majimbo. Mimi kaunsela aliniuliza toka 0 hadi 10 uko tayari kiasi gani kufungia silaha yako, nikajibu 3 kwa kiburi tu nikijua sasa ananihubiria, akasema mbona 3 na sio 0? Hapo nikajikuta nataja wanangu, nataja ile wiki nilivyokuwa nakunywa, yaani nimejishauri kwa mdomo wangu mwenyewe. Bunduki hakuna aliyeigusa.

bwana_ubishi: Sawa ila mtu akishaamua kujiua ufunguo utamzuia? Si atatafuta njia nyingine. Na jambazi akiingia usiku utamwambia ngoja kwanza nitafute ufunguo 😂

Mzee_wa_Gwanda: Mkuu hata mimi nilikuwa na hoja hiyo. Ile hali ya kutaka kujiua inapanda halafu inashuka, wengine ni dakika chache tu, shida risasi haikupi nafasi ya kujuta. Jeshi la Israel 2006 walikataza vijana kwenda na bunduki nyumbani wikendi, kujiua kukashuka kama 40%, na siku za katikati ya wiki hakukupanda, sasa hiyo njia nyingine iko wapi? Ya jambazi, nunua kisefu cha alama ya kidole, kinafunguka fasta.

NesiWaZamu: Naongezea, Mississippi walijaribu mazungumzo hayohayo kwa askari wa National Guard wenye bunduki, majibu yakatoka 2021, waliozungumza na kaunsela wakawa wanafungia silaha zaidi, na waliopewa kufuli hivyohivyo. Dada usimwambie shem "kaunsela kasema", anza na mtoto. Siku ukimsikia anaongea maneno ya kukata tamaa piga 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, kisha bonyeza 1 upate ya wanajeshi.

MamaZai_TX: Asanteni jamani. Jana nilisema tu huyu mtoto siku hizi anafungua kila droo. Kimyaaa. Baadaye namwona katoa risasi, kapitisha waya juu pale ganda linaporukia ukatokea chini kwenye tundu la magazini, klak. Ufunguo kanipa mimi. Bado kanuna lakini 😅