Niyamasabha ya Kerala ni bunge kweli au baraza la madiwani? Jamaa kazini wananichanganya

Mtoto_wa_Mutrah:
Assalaam alaykum wakuu. Mie nipo Muscat huku, ghala ninalofanya kazi robo tatu ya watu ni Wamalayali wa Kerala, India, watu wazuri na chai yao ya maziwa siwezi kuikataa, lakini uchaguzi wa kwao ukikaribia basi hapakaliki, wanagombana mpaka kwenye foleni ya kusaini. Mwaka ule wa 2021 mmoja alichukua likizo kabisa akapanda ndege akaenda kupiga kura, eti Mhindi aliye nje lazima afike mwenyewe kituoni. Nikamuuliza unamchagua waziri mkuu? Akasema hapana, niyamasabha. Kuna mzee mmoja msimamizi wa zamu yeye kila akikasirika hurudia mambo ya 1959, Delhi walitunyang'anya serikali yetu. Sasa naomba kueleweshwa, hii niyamasabha ni kitu gani, ni kama madiwani au ni kama Baraza letu la Wawakilishi kule Zanzibar? Na mbona wana gavana halafu tena wana Waziri Kiongozi, nani mkubwa hapo? Na hiyo 1959 ilikuwaje?

chumvi_kidogo:
Ni madiwani tu hao mkuu waliochangamka. India bunge ni moja, lipo Delhi. Mengine mbwembwe.

NilisomaBangalore:
Waalaykum salaam. Mkuu chumvi hapo umeteleza, acha nieleze maana nimekaa India miaka minne, na nusu ya muda huo nimeutumia kwenye vibanda vya chai nikisikiliza siasa.

Kila jimbo India lina bunge lake linalotunga sheria, jina la jumla ni Vidhan Sabha, Kerala kwa lugha yao wanaita Niyamasabha, niyama ni sheria na sabha ni baraza. (Na tuelewane kabla hatujachanganyana, nikisema jimbo nina maana ya Kerala nzima, sio jimbo la uchaguzi kama tunavyosema Bongo.) Hawa sio madiwani. Uttar Pradesh peke yake ina watu karibu milioni 200 kwa sensa ya 2011 na bunge lake lina viti 403, hao utawaita madiwani kweli? Polisi, hospitali, ardhi, kilimo, hayo ni mambo ya jimbo. Jeshi, mambo ya nje, sarafu ni ya Delhi. Halafu kuna orodha ya tatu, ya pamoja, elimu na misitu vimo humo, na sheria ya jimbo ikigongana na ya Delhi humo kwa kawaida ya Delhi ndio inasimama. Wewe wa Zanzibar hili la orodha unalielewa kuliko sisi wote, mnalo lenu la Mambo ya Muungano.

Kerala wana wabunge 140, wanaitwa MLA, wanachaguliwa kwa miaka 5. Chama au muungano wa vyama wenye wengi ndio unatoa Waziri Kiongozi, na yeye anakaa pale kwa kadiri anavyokuwa na watu 71. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Yeye hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anaishi kwa hesabu ya vichwa humo ndani, kwa hiyo siasa za majimbo ya India ukizichimba sana unakuta ni watu wanahesabu, mchana wanahesabu, usiku wanahesabu.

Majimbo mengi yana nyumba moja tu. Sita ndio yana na baraza la juu, Uttar Pradesh, Bihar, Maharashtra, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Andhra ni vituko, walilifuta 1985 wakalirudisha 2007.

Gavana naomba mwingine amalizie, nipo kazini.

Dala_ya_Kisumu:
Gavana tena? Sasa mimi ndio nimepotea kabisa. Huku kwetu Kenya gavana ndiye mwenye kaunti, tunampigia kura sisi wenyewe, bajeti yake ndio inapelekwa kwa bunge la kaunti, MCA, yaani wajumbe wa bunge hilo, wakimchoka wanamng'oa anaenda kulia Seneti. Huko kwao anafanya nini kama kuna huyo Waziri Kiongozi?

mzee_wa_faili:
Dala, futa hiyo picha ya kwenu kichwani kabisa. Gavana wa India hachaguliwi na mtu, anateuliwa na Rais, na Rais anafuata ushauri wa serikali ya Delhi. Ni kama mfalme wa Uingereza kwa udogo, kazi yake kubwa kusaini miswada na kufungua kikao cha kwanza cha mwaka kwa kusoma hotuba ambayo hakuiandika yeye, inaandikwa na baraza la mawaziri la jimbo, naye anatakiwa aseme "serikali yangu" hata kama anaichukia. Januari 2024 hapohapo Kerala gavana kaingia, kasoma aya ya mwisho tu, haikufika hata dakika 2, kaondoka zake. Kikatiba hotuba inahesabika imesomwa yote lol.

Ila usimdharau. Mswada ukipita bungeni unaenda kwake, na ana njia tatu, asaini, aurudishe, au aupeleke kwa Rais Delhi. Njia ya nne ambayo katiba haiitaji kwa jina ndio wanayoipenda, kukaa nao. Anauweka kwenye droo, mwaka unapita. Kerala wamekwenda Mahakama ya Juu kwa hili, Tamil Nadu pia, na Aprili 2025 mahakama ikawapa ushindi Tamil Nadu kwa miswada 10 na ikaweka muda wa kusaini, halafu Novemba mwaka huohuo jopo la majaji watano likasema hapana, mahakama haina mamlaka ya kupanga muda maalumu. Kwa hiyo droo bado ipo. Mimi binafsi naona hicho ndio kidonda kikubwa cha mfumo wao, unachagua watu 140 halafu karatasi inakalia meza ya mtu mmoja ambaye hata hukumpigia kura.

Sasa 1959. Anza nyuma kidogo. Kerala kama jimbo imezaliwa tarehe 1 Novemba 1956, waliunganisha sehemu zinazoongea Kimalayalam, yaani Travancore na Cochin zilizokuwa falme, na Malabar iliyokuwa chini ya Madras. Lakini mambo ya baraza walikuwa nayo zamani, maharaja wa Travancore alianzisha baraza la kutunga sheria 1888, watu 8 tu, sita maofisa wake mwenyewe na wawili wa nje, sasa hao wawili sijui walikuwa wanabishana na nani. Mwaka 1904 likaja lingine la wawakilishi wa wananchi, na "wananchi" hapo soma wenye mashamba na wafanyabiashara wakubwa. Humo ndimo alikuja kuteuliwa Ayyankali, mtu wa tabaka la chini kabisa, kabila la Wapulaya ambao hata kutembea barabara kuu walikuwa wanazuiwa, huyu bwana 1893 alipanda gari la ng'ombe akapita nalo barabarani makusudi, baadaye akaingia barazani akawa anadai watoto wao wapokelewe shule na watu wake wapewe ardhi. Kwangu mimi hiyo ndio siku baraza lile lilipoanza kuwa bunge, mengine yalikuwa kikao cha maharaja na wapambe wake.

1957 uchaguzi wa kwanza. Viti 126 vya kuchaguliwa, Wakomunisti wakapata 60, wakaongezewa na wagombea binafsi watano, 65, hesabu imetimia. E.M.S. Namboodiripad akaapishwa 5 Aprili, mkomunisti anaingia ikulu kwa karatasi ya kura wakati wa vita baridi, dunia nzima iligeuza shingo. Wiki haikuisha ikatoka amri ya kusimamisha kuwafukuza wapangaji wa mashamba. Halafu mswada wa elimu, serikali ilipe walimu wa shule binafsi moja kwa moja na iwe na neno kwenye kuwaajiri, na shule hizo nyingi zilikuwa za makanisa na za jumuiya ya Wanayar. Hapo ndio moto ukawaka, maandamano, polisi wakapiga risasi watu wakafa, na chama cha Congress kilichokuwa kinatawala Delhi nao wamo barabarani, rais wa chama wakati huo Indira Gandhi, baba yake Nehru ndiye waziri mkuu. Tarehe 31 Julai 1959 Delhi wakatumia ibara ya 356 ya katiba, ile ya kuiondoa serikali ya jimbo, serikali ikavunjwa ingali na wengi bungeni. Mwambie mzee wako wa zamu ana haki ya kukasirika, japo na wenzake wa upande ule mwingine nao ukiwauliza watakwambia nchi ilikuwa haitawaliki.

Mtoto_wa_Mutrah:
Aisee ahsanteni. Sasa hiyo ibara 356 si ndio rungu? Delhi wakiamka vibaya wanavunja tu?

NilisomaBangalore:
Ilikuwa hivyo. Imetumika zaidi ya mara 100 tangu katiba ianze. Kilichoipunguza makali ni kesi ya Bommai, huyu alikuwa Waziri Kiongozi wa Karnataka, akafukuzwa 1989 kwa madai hana tena wengi, akanyimwa nafasi ya kuthibitisha. 1994 Mahakama ya Juu ikasema mahali pa kuhesabu wabunge ni ukumbini, sio sebuleni kwa gavana. Tangu hapo ndio unasikia kura ya imani kura ya imani kila siku.

Na hapo sasa wakaanza kuibana hesabu kwa mlango mwingine, kununuana. Haryana 1967 kulikuwa na mbunge anaitwa Gaya Lal alihama chama mara tatu ndani ya wiki mbili, ndio ukaja msemo wao Aaya Ram Gaya Ram, Ram kaja Ram kaenda. 1985 wakatunga sheria, ukihama chama au ukipiga kura kinyume na agizo la chama unapoteza kiti. Unadhani wakaacha? Sasa wanajiuzulu kwa makundi ili idadi ya ukumbi ishuke, na hesabu ya kupata wengi nayo ishuke. Karnataka 2019 wabunge wakasafirishwa mpaka hotelini Mumbai wakafichwa kule, nipo Bangalore nashuhudia kila TV ni geti la hoteli, kura ilipopigwa serikali ikapata 99 kwa 105, kwaheri.

mzee_wa_faili:
Kerala kununuana sio sana kama huko kaskazini, wao tatizo lao ni kukaribiana. Mwisho wa 1981 Karunakaran wa Congress aliunda serikali pande zote mbili zikiwa karibu sawa kabisa, spika A.C. Jose ikabidi apige kura yake ya kuamua, ile ya pande zikilingana, mara kwa mara kuiokoa. Haikufika miezi mitatu, mbunge mmoja Lonappan Nambadan akajitoa, ikaanguka Machi 1982. Mtu mmoja tu. Baada ya hapo wakawa wanapokezana, kushoto miaka 5, Congress na wenzao miaka 5, mpaka 2021 ambapo Pinarayi Vijayan wa kushoto alirudi kwa viti 99 akavunja mwiko.

chumvi_kidogo:
Haya nimekubali sio madiwani. Lakini vurugu ni zilezile, niliona video wanarusha kiti cha spika.

mzee_wa_faili:
Hiyo ni hapohapo Kerala, 13 Machi 2015, siku ya bajeti. Na wale wabunge waliposema wana kinga ya bunge, mahakama 2021 ikawaambia kinga ni ya maneno na kura, sio ya kuvunja samani.

Mtoto_wa_Mutrah:
Nimerudi wakuu. Leo nimempelekea mzee wa zamu haya yote wakati wa chai, kafurahi mpaka kanipa vitumbua vyao vya ndizi. Kaniongezea moja ambayo hamkuisema, 1965 walipiga kura, wakachagua wabunge 133, hakuna upande uliopata wengi, bunge likavunjwa kabla hata ya kukaa siku moja, wakakaa bila wabunge mpaka 1967.

Halafu na yeye kanigeuzia, kwenu Zanzibar Waziri Kiongozi ni nani? Ikabidi nianze kumweleza kwamba cheo chenyewe tulikifuta 2010 tukaweka makamu wawili wa rais, akauliza kwa nini wawili, kengele ya zamu ikalia. Kesho atauliza tena huyu, namjua.