Naomba ushauri: nafundisha Warumi gredi ya 7, watoto wamechoka, na somo la utumwa nimelikosea

MwalimuGredi7
Habari zenu wakuu. Mi ni mwalimu wa historia, nipo Moshi, shule ya mtaala wa kimataifa, nafundisha watoto wa miaka 11 mpaka 13. Muhula huu tuna wiki sita za Roma ya kale, mbili zimeshaisha na kwakweli sijaridhika ndo maana nimekuja kwenu.

Wiki ya kwanza nilianza na miaka. 753 KK mji unaanzishwa kwa mujibu wa hadithi yao ya Romulus, 509 KK wanamfukuza mfalme wanaanza jamhuri, 218 KK Hannibal, jemadari wa Carthage adui wa Roma, anavuka milima ya Alps na tembo, 44 KK Julius Caesar anauawa, 27 KK Augustus anakua kaisari wa kwanza. Nikajaza ubao wakanakili. Kuna mtoto mmoja wa kiume mkimya sana akanyoosha mkono akaniuliza "Ticha, hawa watu walikua wanatujua sisi?" nikamwambia tutafika huko. Ukweli sikua na jibu na mpaka leo swali lake linanisumbua.

Wiki ya pili ndo niliharibu. Somo lilikua utumwa, nikaona nifanye igizo ili walielewe vizuri. Nikagawa karatasi, zingine zimeandikwa bwana zingine mtumwa, na wale watumwa wakawa wanabeba mabegi ya wenzao, wanafuta ubao, wanaokota kalamu zikidondoshwa makusudi. Dakika kumi za kwanza darasa zima linacheka. Halafu binti mmoja akarudi kwenye kiti chake, akaigeuza karatasi yake kifudifudi juu ya meza, akalaza kichwa juu yake na hakukiinua tena. Nikasimamisha kila kitu. Kesho yake mama yake akaja, hakugomba, aliniuliza tu "Mwalimu, jana mwanangu amejifunza nini kuhusu Warumi?" Hakuna alichojifunza kuhusu Warumi jamani, alichojifunza ni kwamba rafiki yake anaweza kumtuma kama mtumwa. Nimemuomba radhi yeye na mama yake na darasa lote.

Sasa naombeni mnisaidie, utumwa wa Kirumi nitaurudiaje bila kuumiza mtoto maana siwezi kuuruka, na hii Roma nitaishushaje mpaka watoto wa hapa Moshi waione inawahusu?

MamaNaila_Ohio
Pole sana mwalimu, kumuomba radhi mtoto mbele ya wenzie si kila mwalimu anaweza. Mi nafundisha huku Ohio, umri huohuo, darasani kwangu nina watoto wa Kikongo, Wasomali, Wamarekani weusi na weupe, na nilishaapa utumwa hauigizwi. Kwa sababu igizo linampa mtoto mmoja raha ya kutuma na mwingine aibu ya kutumwa, na wote wawili hawapati historia.

Ninachofanya nawapa kitu kimoja tu wakichunguze. Kuna pete ya chuma ya shingoni ilipatikana Roma, ya mtumwa, ina kibati kinaning'inia kimeandikwa kwa Kilatini maneno ambayo maana yake ni kwamba nimetoroka, nikamate, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapewa sarafu ya dhahabu. Nawaonyesha picha, nawasomea, halafu nakaa kimya. Waandike maswali wenyewe. Nani anaongea hapo, mtumwa au bwana? Mbona jina la bwana lipo na la mtumwa halipo? Chuma hicho alilala nacho vipi usiku? Mwaka jana mtoto mmoja aliandika "Inasema MIMI lakini si yeye aliyeandika" na somo zima likasimama hapohapo kwenye sentensi yake, sikua na la kuongeza.

Baada ya hapo ndo nawapa maelezo. Kwamba utumwa wa Kirumi haukuangalia rangi, mtu aliingia kwa kutekwa vitani au kuzaliwa na mama mtumwa au kuuzwa, walikuwepo watumwa Wagiriki, Wagali, Wasiria, Waafrika wa kaskazini. Baadhi walikua madaktari na walimu wa watoto wa mabwana, wengine walikufa kwenye migodi. Wapo walioachwa huru na watoto wao waliozaliwa baada ya hapo wakawa raia kamili. Halafu Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi, 73 mpaka 71 KK, na mwisho wake waasi 6,000 wakatundikwa misalabani kando ya barabara ya Appia. Hiyo namba naitaja mara moja tu na sionyeshi picha yoyote.

MsomajiWaKilwa
Samahani mwalimu nitasema tofauti kidogo. Wiki sita za Roma! Kilwa mmeipa wiki ngapi? Husuni Kubwa, lile kasri la Kilwa, mmeifundisha? Mi sina ugomvi na Warumi ila inaniuma mtoto wa Kitanzania akimaliza shule anamjua Julius Caesar halafu hajui kwamba Kilwa walikua wanapiga sarafu zao wenyewe.

MwalimuGredi7
@MsomajiWaKilwa uko sahihi na inaniuma hata mimi, Kilwa mtaala umeipa vipindi vichache mno, ila mtaala sijaupanga mimi ndugu yangu. Ndo maana nauliza kama kuna njia Roma yenyewe iwarudishe watoto huku kwetu.

Baharia_wa_Lamu
Njia iko mwalimu na yule mtoto wako aliyeuliza kama Warumi walikua wanatujua aliuliza swali la maana kuliko miaka yote uliyoandika ubaoni. Mwambie ndio, walikua wanatujua.

Kuna kitabu kidogo cha mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki karne ya 1 BK, wakati huo Misri iko chini ya Roma, kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, ni kama mwongozo wa manahodha, bandari moja baada ya nyingine. Anashuka pwani yetu anaiita Azania, na soko la mwisho kabisa analolitaja linaitwa Rhapta, na anasema limepata jina hilo kutokana na mashua zake za kushonwa. Za kushonwa mwalimu! Hiyo si ni jamii ya mtepe? Huku Lamu babu zetu wameunda mitepe ya kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Anaorodhesha mpaka bidhaa, kutoka kwetu pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa, na vinavyoletwa ni mikuki, mashoka madogo, visu na vitu vya kioo. Anasema manahodha Waarabu walikua wanaoa huku na kuijua lugha ya wenyeji.

Rhapta ilikua wapi wataalamu bado wanabishana, wengi wanaangalia upande wa delta ya Rufiji. Usiwape watoto jibu, wape ramani na maelezo ya huyo mfanyabiashara wakae makundi wabishane nao, hiyo ndo historia yenyewe. Ila uwe makini na kitu kimoja, Roma haikututawala, ilikua inanunua kwetu. Watoto watachanganya wasipoambiwa mapema.

FundiChokaa
Mi sio mwalimu ni fundi ujenzi, miaka 20 na ushee, napita tu ila hapa nimeshindwa kunyamaza. Wafundishe TAO. Warumi wamesimamia tao.

Nenda dukani nunua mche wa sabuni, ile ya kufulia. Kata vipande 9, kila kipande juu kipana chini chembamba, kama kipande cha keki kilichokatwa ncha. Laza kopo la rangi tupu juu ya meza, panga vipande kuanzia pembeni kupanda juu, kushoto na kulia pamoja, cha mwisho kiingie katikati juu kabisa. Pembeni weka matofali mawili yabane. Halafu toa kopo taratibu. Tao litasimama bila gundi. Sasa mwite mtoto akandamize juu kwa kiganja, mwingine ashike tofali la pembeni, atasikia tofali linasukumwa nje. Hapo ameelewa kwa nini kuta za pembeni za Warumi nene vile, huna haja ya kuchora.

Maji nayo. Upo Moshi unahangaika nini, wapeleke wakaone mfongo, ule mfereji wa Wachaga! Wachaga wameshusha maji mlimani kwa mteremko tu hakuna pampu, ukizidisha mteremko maji yanakula udongo, ukipunguza yanasimama. Warumi ndo hivyohivyo, ule mfereji wa Nîmes kule Ufaransa una urefu wa kama kilomita 50 na tangu mwanzo mpaka mwisho umeshuka mita zisizofika 20. Kilomita 50! Mi nikipewa pimamaji ya leo na vijana wangu bado kazi hiyo naiogopa. Na pale mto ulipowakatia njia ndo wakajenga daraja la Pont du Gard, mita 49 kwenda juu, matao juu ya matao, maji yanapita juu kabisa.

Zege lao walichanganya chokaa na majivu ya volkano, linashika hata ndani ya maji. Kuba la Pantheon, hekalu la Roma, lina upana wa mita 43, halina nondo hata moja ndani, na linaelekea miaka 1,900 sasa. Kaka wa Kilwa hapo juu atakwambia na kwetu makuba ya msikiti mkuu ni mawe ya matumbawe na chokaa, waweke watoto walinganishe.

MsomajiWaKilwa
@FundiChokaa hapo umenigusa. Mwalimu fanya hivyo, weka picha ya kuba la Kilwa na la Pantheon ubaoni pamoja, nimeridhika. Na umtaje Septimius Severus, kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akawa kaisari mwaka 193 mpaka 211, akafia York huko Uingereza. Mtoto aone ramani ya maisha ya mtu mmoja inaanzia Afrika.

UstadhMsamiati
Assalaam alaykum. Naongeza la lugha kwa kuwa watoto wako wanazungumza Kiswahili na hiyo ni mali ambayo mwalimu wa Ulaya hana.

Anza na saa. Mrumi alihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, saa ya kwanza ni alfajiri ikishapambazuka, saa ya sita ni adhuhuri, saa ya kumi na mbili jua linazama. Yaani saa sita mchana ya kwetu ni saa sita ya kwao. Mtoto wa Kiingereza inabidi afundishwe hilo ajitahidi kulielewa, wa kwako amezaliwa nalo. Tofauti ni kwamba wao waligawa mchana mafungu 12 iwe kiangazi iwe baridi, kwa hiyo saa ya kiangazi ilikua ndefu na ya baridi fupi. Sisi tupo karibu na ikweta mchana haubadiliki sana. Waulize watoto kwa nini, hapo jiografia inaingia yenyewe. Ila uwaambie neno sita limetoka Kiarabu si Kilatini, kufanana kwake na sexta ni bahati tu.

Halafu maneno. Dinari ni denarius, sarafu ya fedha ya Roma. Kandili asili yake candela. Kasri wataalamu wanairudisha kwenye castrum, yaani ngome, na sirati kwenye strata, barabara iliyotandikwa mawe. Yote yalipita kwa Wagiriki au Waarabu ndipo yakatufikia. Na usiwaambie Roma iliisha mwaka 476, iliyoanguka ni ya magharibi, ya mashariki ilikaa Constantinople mpaka 1453, na hiyo ndiyo Rum tunayoijua sisi. Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728 unamtaja Herekali, ndiye Heraclius kaisari wa Rum. Washairi wetu walimjua.

MwalimuGredi7
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita.

Utumwa nimeurudia kwa ile pete ya shingoni. Nilimuuliza kwanza yule binti kama angependa kukaa maktaba siku hiyo, akasema atakaa darasani. Aliandika swali moja tu, "Je alirudishwa?" Nikawaambia pete imebaki, yeye hatujui.

Sabuni zilianguka mara tatu. Mara ya nne kopo likatoka na tao likasimama na kelele zilizopigwa mpaka mwalimu wa jirani akaja kuangalia. Mkono wa mtoto aliyeshika tofali ulikua unatetemeka anasema "Ticha linanisukuma!" Fundi Mungu akubariki. Mfongo tunaenda Ijumaa, mzee mmoja wa kijijini amekubali kutuonyesha wanavyogawana zamu za maji.

Na yule mkimya nilimpa maelezo ya Rhapta asome mbele. Alipofika kwenye mashua za kushonwa akasimama, akaniangalia, akasema kumbe walikua wanatujua. Akaenda kukaa.

Sasa ninaingia Pompeii, ule mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK. Nataka nisianze na maiti. Nimefikiria vile vibanda vya chakula vyenye mitungi iliyojengewa kwenye kaunta, kile ambacho wachimbuzi wa mambo ya kale walikitangaza 2020 kilikua na mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono, naona watoto wataona ni mama ntilie kabisa. Na matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi ukutani, kuna moja wauza matunda wanaomba watu wamchague Holconius Priscus. Kuna mtu ameshajaribu kuwatengenezea watoto ukuta wa hivyo darasani? Karatasi gani inashika rangi ya maji bila kuchanika?

MamaNaila_Ohio
Magunia ya karatasi ya saruji mwalimu, yageuze upande wa ndani, pangusa vumbi vizuri kwa kitambaa kikavu nje ya darasa kabla watoto hawajayashika. Fundi hapo juu hatakosa.

FundiChokaa
Ninayo mengi, ningekua Moshi ningekuletea leo. Nenda saiti yoyote waombe, wanayachoma tu.