Mkopo ni haki ya mtu au ni kitu cha kustahili? Tupeane uzoefu

Mpita Njia
Wakuu, salaam. Nilikuwa kwenye foleni benki, jamaa wa mbele yangu ananyimwa mkopo. Akapandisha sauti: "Mshahara wangu unapita hapa kila mwezi, mkopo ni haki yangu!" Afisa akamjibu taratibu bila hata kuinua macho, "Ndugu yangu, haki yako ni akiba yako. Huu ni mkopo." Foleni nzima ikagawanyika, wa huku na wa kule. Wewe uliponyimwa au ulipopewa, ulijiona umepata chako au umefanyiwa hisani? Karibuni.

Bin Subira
Hisani gani yenye riba?

Kalamu Kavu
Hahaha, hapo umemaliza. Uzi ufungwe.

Mama Pacha
Usifungwe, umenikumbusha jambo ambalo nikilifikiria mpaka leo mkono unatetemeka.

Mume wangu alipokuwa hai, mikopo yote iliandikwa kwa jina lake. Yeye ndiye mwenye ajira, mimi nina biashara yangu ndogo, tukaona ni rahisi hivyo. Lakini mlipaji nilikuwa mimi. Tarehe ikikaribia mimi ndiye naenda kuweka rejesho, risiti naibana kwenye faili la bluu, na nyuma ya kila risiti naandika kwa mkono salio lililobaki. Hatukuwahi kuchelewa. Pale kwenye tawi walishanizoea mpaka walinzi wananisalimia kwa jina.

Akafariki. Mambo ya mirathi yalipokaa sawa nikaenda tawi lile lile kuomba mkopo wa kuongeza mtaji, mdogo kuliko ile tuliyokwisha kumaliza. Binti wa zamu akaingiza jina langu, akasubiri, kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Pale penye historia ya mikopo palikuwa peupe. "Mama, mfumo haukujui." Nikatoa faili la bluu. Akalifungua kwa heshima, akapekua risiti mbili tatu, akalifunga. "Hizi ni za marehemu."

Mwandiko wangu, jasho langu, lakini za marehemu! Halafu akaniambia nitafute mdhamini mwenye ajira, ikiwezekana shemeji. Huyo shemeji namjua mimi, anadaiwa hadi na watoto wake. Niliondoka pale nikasahau mwavuli, na sikurudi kuufuata.

Sasa nyie mnaosema mkopo ni wa kustahili, niambieni: mimi nilistahili, ila ustahili wangu ukaandikiwa mtu mwingine. Hiyo tuiteje?

Zuzu wa Kijiweni
Pole sana mama. Naunga mkono hoja.

Meza ya Mikopo
Mama Pacha, pole. Nimekaa meza ya mikopo mpaka nastaafu. Yule binti hakukudanganya: faili lako kweli lilikuwa tupu, na faili tupu kwa mkopeshaji ni baya karibu sawa na faili chafu. Kosa liko kwenye jinsi rekodi zinavyowekwa.

Marekani jambo hili lilikuwa kubwa mpaka ikatungwa sheria mwaka 1974 kukataza kumbagua mwombaji mkopo kwa jinsia yake au kwa kuwa ameolewa au hajaolewa. Kabla ya hapo mwanamke mwenye mshahara wake aliweza kuambiwa akalete saini ya mume. Mwaka 1976 ikapanuliwa: rangi, dini, asili ya taifa, umri. Kanuni zake zinataka hata akaunti ambayo mume na mke wote wanaruhusiwa kuitumia iripotiwe kwa majina yote mawili, ili mmoja akiondoka mwingine asibaki mgeni.

Lakini angalieni vizuri sheria ile inasema nini. Haisemi "mpeni". Inasema msimnyime kwa sababu hizi, na mkimnyima mjulisheni ndani ya siku 30, na sababu aipate. Basi. Nani atalazimisha benki impe kila anayeomba? Tunakopesha akiba za watu pale. Kuna mzee kaweka kiinua mgongo chake.

Hesabu Hazidanganyi
Mstaafu, hiyo ya "akiba za watu" ni hadithi ya kutulalia. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilichapisha maelezo kwenye jarida lake ikasema wazi: benki ya biashara inapotoa mkopo ndipo inapoumba amana mpya kwenye akaunti ya mkopaji. Haisubiri mzee alete kiinua mgongo. Mnaandika tarakimu, kisha mnatudai riba juu ya tarakimu zenu wenyewe. Kama mamlaka ya kuumba fedha mmepewa na umma, umma una haki ya kuuliza mnamuumbia nani.

Meza ya Mikopo
Kijana, umesoma nusu ya maelezo hayo. Nusu ya pili inasema benki haiumbi bila kikomo: kuna faida ya kulinda, kuna wasimamizi, kuna riba ya benki kuu. Mkopaji asipolipa, ile hasara haifutiki kwa kalamu. Inakula mtaji wa benki, na mtaji ukiisha, mzee wa kiinua mgongo anapanga foleni mlangoni. Tarakimu zinaumbwa kirahisi, hasara ndiyo haiumbiki wala haifichiki.

Hesabu Hazidanganyi
Na wakubwa wakishindwa kulipa mbona foleni hiyo hatuioni?

Meza ya Mikopo
Hilo sikatai.

Saini Yangu
Nyie bishaneni. Mimi sikukopa hata senti na nimelipa mkopo mzima.

Nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu, meza zetu zinatazamana. Mtu wa ibada, mpole. Alikopa, nikasaini. Baadaye akahama kazi, marejesho yakasimama, nikaanza kukatwa mimi. Namba yake haipatikani. Siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ndugu yake: jamaa amefariki, amezikwa mbali. Ofisini tukachanga rambirambi, na mwekahazina alikuwa ni mimi. Nikazituma mimi mwenyewe. Naendelea kukatwa huku namwombea apumzike kwa amani.

Muda ukapita. Nikasafiri kikazi, niko stendi nasubiri basi, nasikia mtu nyuma yangu anakohoa. Kikohozi kile, wakuu, ningekitambua hata usingizini. Nageuka: marehemu! Kanenepa, ana begi jipya, tiketi mkononi. Akanitazama, midomo ikacheza, kisha akasema neno moja tu: "Shikamoo."

Na kwa umri mimi ni mdogo wake.

Kalamu Kavu
Nimedondosha simu. ENDELEA!

Zuzu wa Kijiweni
Hii chai.

Bin Subira
Chai au si chai, tunataka kujua ulimfanya nini.

Saini Yangu
Ningemfanya nini mbele ya watu? Basi lake likaitwa, akapanda. Nilibaki nimesimama na marahaba yangu mdomoni. Nilichofanya nilikwenda kwa mkopeshaji kutoa taarifa kwamba mtu yupo hai. Wakanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Kumbe kwenye vitabu vyao hakuwahi kufa! Hakuna aliyepeleka cheti cha kifo. Alikufa kwetu sisi wachangaji tu. Kwao alikuwa mdaiwa sugu mwenye mdhamini anayelipa vizuri.

Zuzu, chai uite, ila hati zangu za mshahara zinaonyesha makato. Kinachoniuma zaidi, nilipokwenda kujiombea mkopo wangu nikaambiwa nina mzigo. Udhamini ule unahesabika kwangu.

Zuzu wa Kijiweni
Nasubiri aliyekuwa basi moja na marehemu aje atoe ushahidi.

Mama Pacha
Muache mwenzako bwana. Kila mtu anajua kilichompata.

Meza ya Mikopo
Saini Yangu, tunza hati zote za makato. Mdhamini akimlipia mkopaji anachukua nafasi ya mkopeshaji: anaweza kumdai yule mtu kila alicholipa, hata mahakamani. Na udhamini kuonekana kwenye mzigo wako ni kawaida, kwa sababu lolote likitokea mkopeshaji atabisha hodi mfukoni mwako. Ushauri: ukiombwa kudhamini, jiulize kama ungekubali kulikopa deni hilo wewe mwenyewe.

Kalamu Kavu
Ushauri wangu mfupi zaidi: sahau jinsi ya kusaini.

Kitabu Wazi
Marehemu ameteka uzi. Turudi kwenye mada.

Mtu aliyesimama hadharani akasema mkopo uhesabiwe miongoni mwa haki za binadamu ni Muhammad Yunus wa Bangladesh. Benki yake ya Grameen ikawa benki rasmi mwaka 1983, ikikopesha wanawake maskini wasio na dhamana ya mali, wakijipanga katika vikundi vidogo. Mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini hanyimwi mkopo kwa sababu halipi, ananyimwa kwa sababu hajawahi kupewa nafasi ya kuonyesha kwamba analipa. Mama Pacha na faili lake la bluu ni ushahidi tosha. Unaambiwa ulete historia, na historia huipati bila mkopo. Utaanzia wapi?

Hesabu Hazidanganyi
Malizia hadithi basi. Mwaka 2010, jimbo la Andhra Pradesh, India. Kampuni za mikopo midogo zilimwaga fedha vijijini, mtu mmoja anakopa kwa huyu alipe kwa yule. Zikaja habari za wadaiwa kujiua, serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuzibana kampuni, watu wakaacha kulipa, biashara yote ikayumba. Haki ya kukopa ikifika mlangoni kwako bila haki ya kulindwa, ndiyo hiyo tunayoiita kausha damu.

Kitabu Wazi
Wewe si ulikuwa upande wa wakopaji hapo juu?

Hesabu Hazidanganyi
Bado niko upande wao. Ndiyo maana sitaki wazamishwe.

Ustadhi Mpole
Kwa ruhusa yenu. Sisi tumefundishwa kukopesha ni wema, na riba haina nafasi. Katika Suratul Baqara aya ya 280, mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Aya mbili mbele yake, ya 282, inaamrisha deni liandikwe. Mdaiwa ana haki ya kupewa muda, mdai ana haki ya maandishi. Hapo mbona hakuna ugomvi?

Bin Subira
Ustadhi, naomba namba yako, nina jambo dogo la mwisho wa mwezi.

Ustadhi Mpole
Hahaha. Njoo na mashahidi wawili na mwandishi.

Zuzu wa Kijiweni
Mimi sijawahi kukopa na sitakopa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Meza ya Mikopo
Na siku ukitaka mkopo wa nyumba utakuwa kama Mama Pacha, faili jeupe. Chukua kidogo unachomudu, ulipe kwa wakati, ujenge jina.

Zuzu wa Kijiweni
Yaani nikope nisichohitaji ili niruhusiwe kukopa ninachohitaji? Na riba juu?

Meza ya Mikopo
Ukilisema hivyo linasikika vibaya, lakini ndivyo mashine inavyohesabu. Chukua alama za FICO wanazotumia Marekani kumpima mkopaji, za kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ni kama umelipa kwa wakati, 30 ni unadaiwa kiasi gani, 15 ni umri wa historia yako, 10 ni maombi mapya, 10 ni aina za mikopo uliyo nayo. Mshahara haumo kabisa. Mkopeshaji atauuliza pembeni, lakini kwenye alama hauhesabiwi. Yule jamaa wa kwenye foleni angelijua hilo asingeanza na mshahara wake.

Kitabu Wazi
Na mashine nayo imeanza kuulizwa maswali. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyoihusu kampuni ya alama za mikopo ya Ujerumani iitwayo SCHUFA, ilisema alama hizo zenyewe zinaweza kuwa uamuzi uliofanywa na mashine, pale ambapo mkopeshaji anazitegemea sana. Kwa sheria zao, uamuzi wa namna hiyo kwa kawaida hauruhusiwi mpaka kuwe na msingi maalumu wa kisheria na kinga kwa mwananchi. Mimi haki ninayoidai ni hiyo: nijue nimepimwaje, na kipimo kikiwa na kosa nikipinge nisikilizwe.

Mama Pacha
Hapo sasa. Mimi ningeelezwa tu kwamba risiti zangu zingehesabika kama tungeandikwa wote wawili, ningeandikwa tangu mwanzo. Hakuna aliyetuambia. Akina mama mlio kwenye ndoa, mkitoka hapa nendeni mkaulize mkopo wa nyumbani kwenu umeandikwa jina la nani.

Saini Yangu
Akina baba pia. Halafu jina la kuandikwa kwenye deni, mama, si zawadi. Ikitokea halilipiki, wote wawili mmekwama.

Mama Pacha
Nilikuwa nalilipa mwenyewe, ningekwama na nani?

Kijana wa Kadi
Samahani wakubwa, swali. Mimi sijaomba chochote, nimeamka nakuta ujumbe: "Hongera, kikomo cha kadi yako ya mkopo kimeongezwa." Hapo nimepewa haki au nimetegwa? Nikikikataa, alama zangu zitashuka?

Kitabu Wazi
Una bahati hiyo ni nyongeza tu. Mwaka 1958 benki moja ya Marekani ilituma kadi za mkopo 60,000 kwa posta kwa wakazi wa mji wa Fresno ambao hawakuziomba. Kadi za kutumiwa bila kuomba zilipigwa marufuku huko mwaka 1970.

Meza ya Mikopo
Kijana, hutaadhibiwa kwa kukataa. Kinachoangaliwa ni sehemu gani ya kikomo unaitumia. Kikomo kikiwa kikubwa na matumizi yale yale, unaonekana mtulivu. Kikiwa kidogo, matumizi yale yale yanaonekana makubwa. Kwa hiyo kama una nidhamu, kiache kilale. Kama unajijua, kikatae leo kabla ya mwisho wa wiki.

Kijana wa Kadi
Ujumbe ulikuja Jumatatu. Leo Alhamisi. Tuseme nilikuwa na nidhamu mpaka Jumanne.

Saini Yangu
Usije ukaniomba udhamini.